Gitaa Ambalo Halikuwapo

Neville Ackroyd alikuwa fundi wa boila, mitambo ya kupasha maji majumbani, mjini Halifax, na ukimwita nyumbani kwako maji yamekuwa baridi, kabla hajafungua mkoba wa zana alikuuliza unashabikia bendi gani. Jibu lako ndilo lililoamua kama boila ingetengenezwa kwa mazungumzo au kimyakimya. Wateja wenye akili walijifunza mapema kusema Chai Baridi, hata kama maishani mwao hawakuwahi kusikia wimbo wao hata mmoja.

Chai Baridi walikuwa vijana wanne wa Halifax hiyohiyo. Walipiga muziki wa magitaa, ule wa watu wasiotaka kufanana na wanaopigwa redioni, wakatoa santuri nne miaka ya tisini ilipokuwa bado michanga, wakagombana, wakaachana. Mwimbaji wao alimung'unya maneno hata mama yake mzazi asimwelewe. Kwenye televisheni walionekana mara moja tu, na hiyo mara moja walimpa mgongo mpiga picha. Lakini walikuwa na magitaa mawili: moja likinguruma chini, na jingine, la Malcolm, likilia juu, juu kabisa, mlio mwembamba usiokatika. Nev, maana ndivyo walivyomwita wote isipokuwa mkewe akiwa amekasirika, alisema mlio ule ukikuingia ni kama mtu amekufungulia dirisha kifuani. Alisema hivyo mara nyingi. Alisema hivyo hata harusini kwake.

Ng'ambo ya kilima, nusu saa kwa gari kama malori hayajakuziba, uko mji wa Huddersfield, na huko ndiko walikotoka Mbwa wa Jirani. Hao walikuwa watu wa viitikio. Wimbo wao ukiusikia mara moja, mara ya pili unauimba, na mara ya tatu umesahau kwamba hukuutaka. Mpiga dramu wao alikuwa hatari, hilo hata adui alikubali. Na shabiki wao mkubwa kuliko wote pale Halifax alikuwa Glenn Tordoff, mfunga makabati ya jikoni, aliyezaliwa Huddersfield na kuletwa Halifax na ndoa. Nev alimkuta katika jiko la mteja mmoja, amepiga magoti mbele ya kabati, anapiga mluzi wimbo wa Mbwa wa Jirani. Nev akamwambia kuna njia nyingine za kutesa watu. Ugomvi ulioanzia pale ulidumu miaka thelathini, na katika miaka hiyo Glenn akawa rafiki yake wa karibu kuliko ndugu zake wa tumbo moja.

Ugomvi huo ulikuwa na kiti chake na siku yake: Alhamisi jioni, katika baa ya Mwanakondoo, meza ya karibu na moto.

"Bendi yako iliuza wimbo kwa tangazo la biskuti," Nev alianza.

"Na yako ingeuza, ila biskuti zenyewe zilikataa," alijibu Glenn. "Nani anunue biskuti kwa kumsikiliza mtu analia bafuni?"

"Santuri nne, Glenn. Nne, zote nzuri, halafu wakajua kuondoka. Hao mbwa wako wametoa kumi na moja na bado wanabweka."

"Wanabweka kwa sababu wana wa kuwasikiliza, bwana wee. Na hao wako hawakuondoka, walifukuzana. Mmoja wao sasa hivi ni dalali wa nyumba Brighouse."

"Anauza nyumba kwa heshima yake."

Aliyeketi katikati yao alikuwa Imtiaz Bashir, mwalimu wa udereva, ambaye hakuwa na pombe wala upande. Yeye alipenda bendi moja ya Marekani ambayo wenzake walikataa hata kuijadili. Kazi yake ilikuwa kuamua nani amevuka mpaka, na kwa kuwa alishinda mchana kutwa karibu na watu wanaotaka kumuua kwa gari, hapakuwa na neno mezani la kumtisha.

Meza ile ilikuwa na mchezo wake. Kila Alhamisi mmoja wao alileta santuri ndani ya mfuko wa karatasi, akamkabidhi Beverley, mwenye baa, na Beverley akaipiga nyuma ya kaunta bila kuonyesha jalada. Upande mmoja mzima. Kuongea marufuku mpaka sindano inyanyuliwe. Kisha kila mtu alisema ni nani wanaopiga, wana nini walichowazidi wenzao na wamepungukiwa nini, na anayekosea anawanunulia wote duru inayofuata ya vinywaji. Wageni waliocheka mchezo huo walicheka mara moja tu. Nev akianza kueleza kwa nini wimbo wa tatu wa upande wa pili ndio uliobeba santuri nzima, hata watu wa meza za jirani waliteremsha glasi wakasikiliza. Kazini alikuwa mtu wa kuitwa maji yakiwa baridi na kusahauliwa yakipata moto. Pale mezani alikuwa Neville Ackroyd.

Na masikio yake yalikuwa yamekufa.

Hayakufa siku moja. Enzi za ujana wao vizibo vya masikio vilikuwa vya waoga na vya wazazi waliokuja kuchukua watoto. Mwanamume kamili alisimama mbele kabisa, na Nev alisimama mbele, kushoto, upande wa Malcolm, kidevu kikiwa karibu kugusa spika kubwa kama kabati la nguo. Wakitoka nje walikuwa wakipigiana kelele kwa furaha kwa sababu hakuna aliyemsikia mwenzake. "Yako yanalia bado?" waliulizana kazini. "Mpaka Jumanne!" Walishindana hivyo, masikio yao yakipiga filimbi, na aliyepona mapema alionekana hakuipenda bendi sawasawa.

Walianza kutoweka ndege wa asubuhi. Ikafuata filimbi ya birika. Ikafuata sauti ya mkewe Janine kutoka jikoni, na Nev akadhani mke wake amekuwa mpole kwa umri, akashukuru. Kwenye boila alijifunza kuweka kiganja juu ya bati na kusikiliza kwa mkono. Pale Mwanakondoo akafanya vivyo hivyo: viganja mezani, besi ikapanda kwenye mbao mpaka kwenye vifundo, na macho yakawa kazini, yakimtazama Glenn mguu unavyogonga na Imtiaz anavyoinua nyusi. Santuri zote alizijua kwa moyo. Ilitosha aguse mwanzo, yaliyobaki yakajipiga yenyewe kichwani.

Alijificha, na sababu ya kujificha ilikuwa moja tu. Nani atamsikiliza kiziwi akihukumu muziki? Wangempa pole, wangempa bia, lakini lile la kuteremsha glasi wasikilize lingekwisha. Hilo hakuweza hata kuliwaza akiwa amelala.

Alhamisi moja ya Novemba Glenn aliingia na mfuko wa karatasi na uso wa mtu aliyeficha keki. Alimpa Beverley, akabaki kaunta, kawapa mgongo wenzake, na ule mgongo ulimnyima Nev kitabu alichozoea kusoma. Imtiaz naye alifumba macho. Muziki ukaanza.

Nev akaweka viganja mezani. Besi ikaja, nzito, ikishuka ngazi polepole. Dramu nyuma yake, za kujizuia. Hakuijua. Akainamisha kichwa, akangoja, na kisha, juu ya hayo yote, akalisikia. Nasema akalisikia kwa sababu yeye mwenyewe mpaka leo ataapa kwamba alilisikia: gitaa, mlio mwembamba, unapanda, unakaa, haushuki. Upande wote aliumaliza hivyo, machozi yakimlenga, mzee wa miaka hamsini na kitu mbele ya pakiti ya viazi vya kukaanga.

Beverley akanyanyua sindano. "Haya wapenzi, nani anafungua?"

"Mimi," alisema Nev. "Mlikuwa mnanificha hii? Ni Chai Baridi. Mazoezi yao, kabla ya santuri ya pili. Mmelisikia gitaa la Malcolm? Pale linapopanda baada ya kiitikio, linakwenda kukaa juu kama limesahau njia ya kurudi? Hakuna mtu Huddersfield nzima, na mimi nawaheshimu watu wa Huddersfield kadiri ninavyojaliwa, hakuna mtu kule anayeweza kupiga vile."

Glenn aligeuka, uso mwekundu kwa furaha, akaja mpaka mezani akaipiga kwa ngumi. "Ni sisi! Ni Mbwa wa Jirani! Jamani mmeona? Neville Ackroyd kawalilia Mbwa wa Jirani!"

Meza ya pili walipiga makofi. Na bado hapo angepona. Angenunua duru, angetaniwa mpaka Krismasi, basi. Lakini Imtiaz alikuwa na jalada mkononi, na Imtiaz ni mtu anayesimamisha gari katikati ya somo ili akuonyeshe kosa.

"Lakini Nev," alisema, "gitaa lipi?"

Nev alitabasamu tu.

"Nev. Gitaa lipi? Ni besi, dramu na mtu anaimba. Wameandika hapa kwenye jalada, wamerekodi bila magitaa."

"Ati?" alisema Nev. Haikuwa "ati" ya mtu anayebisha. Alikuwa hajasikia.

Imtiaz akarudia. Nev akamwangalia midomo, kisha akamwangalia Glenn, kisha kaunta. Mwishowe ni Beverley aliyesema, kwa ile sauti yake ya kufungia baa: "Hakuna gitaa, mpenzi!"

Kicheko cha Glenn kilikatika njiani, mkono bado uko hewani. Nev alivaa koti akatoka, na bia yake akaiacha nusu, jambo ambalo pale Mwanakondoo halikuwahi kuonekana. Alipanda kilima kwa miguu kwenye manyunyu. Aibu ilimchoma mpaka akatamani Glenn angeendelea kucheka.

Janine alimwona tu mlangoni akajua.

"Wamegundua," alisema Nev.

"Neville, nimezungumza na kisogo chako miaka minne."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Si ndiyo shida yenyewe?"

Alimpeleka hospitali mwenyewe, kama mtoto wa shule. Binti mmoja alimvalisha vifaa vya kusikilizia, akampa kitufe, akamwambia abonyeze kila akisikia mlio. Nev alikaa ametulia, kidole tayari, akingoja waanze, mpaka binti alipomvua vile vifaa akamwambia wamemaliza. Milio ya juu haitarudi, alimwambia. Atampa mashine ndogo za kuvaa nyuma ya masikio, zitamsaidia.

"Na kwenye magitaa?" aliuliza Nev.

Binti alimtazama kwa huruma. "Zimetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, Bwana Ackroyd."

Nyumbani aliweka santuri ya pili ya Chai Baridi. Akiwa na mashine, ilisikika kama mtu anakaanga soseji huku anaosha sahani. Akizivua, ilibaki besi. Akifumba macho, gitaa la Malcolm lilikuja lote, safi, kama miaka ile. Na ndipo alipoelewa, kwa uchungu, kwamba hakuwa na njia ya kujua tangu lini amekuwa akilipiga mwenyewe. Alilia pale chini, juu ya zulia la sebule, miguu imenyooshwa, na Janine akaketi kando yake bila kusema neno, maana ingebidi ampigie kelele.

Alhamisi mbili hakwenda. Ya tatu, Janine alimpa koti mkononi. "Nenda. Umenifungia hewa nyumba nzima. Nenda ukagombane na mtu."

Akaenda. Na laiti angejua, angebaki nyumbani.

Walikuwa wamemwandalia. Kiti chake kilisogezwa kwenye ukuta ili sauti zisimtokee nyuma. Beverley alizima ile mashine ya kamari pembeni, akamletea pai ya nyama na njegere na kukataa kulipwa, yeye ambaye hata mchungaji humlipisha. Santuri haikupigwa. Imtiaz alizungumza polepole, akifungua mdomo kana kwamba yuko kwa daktari wa meno: "U-me-shi-nda-je, Nev?" Na Glenn aliketi mikono mapajani, kichwa kimeinama upande, anatabasamu.

"Nimefikiri sana, Nev," alisema Glenn, kwa sauti ya juu na laini. "Wewe ulikuwa sahihi. Chai Baridi walikuwa bendi bora."

Nev alisikia. Mashine zilifanya kazi yake barabara. "Sema tena."

"Chai Baridi ni bora kuliko Mbwa wa Jirani."

"Santuri ipi?"

"Zote," alisema Glenn. "Zote nne."

Imtiaz akatikisa kichwa kukubali, taratibu. Zote nne! Ya nne, ambayo Glenn alikuwa akisema ni sauti ya watu wanaoteremsha sofa ghorofani! Nev alizitazama zile nyuso mbili njema, zimejaa mapenzi. Hivi ndivyo watu wanavyozungumza kando ya jeneza. Miaka thelathini alikuwa ameutaka ushindi huu, na sasa kapewa, umefungwa vizuri, pamoja na pai. Kama angeupokea, kesho na kesho kutwa wangempa mwingine, na mwingine, mpaka wamzike kweli.

"Glenn," alisema, "masikio yamekufa. Mimi niko hai."

"Hakuna aliyesema..."

"Basi usinikubalie!"

Glenn aliangalia bia yake. Alikuwa mtu mwema, na wema umemkalia shingoni, hautoki. Nev akaona kwamba kumtoa pale itabidi atumie nguvu.

Kulikuwa na wimbo mmoja ambao meza ile haikuwahi kuugusa. Mbwa wa Jirani waliuimba kuhusu msichana wa Kirusi wa michezo ya viungo, na Glenn aliupenda kiasi kwamba mtoto wake wa pekee alimpa jina la wimbo. Ndiyo maana huko Leeds kuna nesi anayeitwa Ludmila Tordoff, binti wa mfunga makabati. Kuusema wimbo huo vibaya kulikuwa kumsema mtoto. Nev aliuchukia kutoka siku ya kwanza na hakuwahi kufungua mdomo, hata akiwa amelewa, hata siku ya ubatizo wa mtoto, wimbo ulipopigwa mara nne.

"'Ludmila,'" alisema Nev, "ni kengele ya mlango."

Imtiaz aliweka glasi chini. Masikio ya Glenn yakaanza kuiva kwa wekundu.

"Nev, usianze."

"Ding, dong, ding. Kuna anayekuja? Hakuna. Kiitikio tena. Ungemwita mtoto Biskuti ungemtendea haki zaidi."

"Ya Rabi," alisema Imtiaz, akasogeza kiti nyuma kidogo. Beverley aliacha kufuta kaunta.

"Wewe huko sawa," alisema Glenn, taya zikicheza. "Huko sawa, na mimi sitaki kugombana na mtu ambaye..."

"Ambaye nini? Ambaye nini, Glenn? Ambaye kasikia gitaa ambalo halikuwapo? Nililisikia kwa sababu ile santuri yenu ilikuwa inaliomba! Upande mzima umekaa mdomo wazi, unangoja gitaa, kama mtoto wa ndege! Nimewawekea Mbwa wa Jirani gitaa la Malcolm bure, na ndiyo mara ya kwanza tangu wazaliwe kusikika kama bendi!"

Hapo Glenn Tordoff alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake na hakukitazama. Alikuja kuzunguka meza mpaka akasimama mbele ya Nev, mishipa ya shingo imetoka, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuzamia.

"Gitaa la Malcolm?" alinguruma. "Malcolm! Malcolm alipiga gitaa kama mtu anatafuta funguo mfukoni! Nimekuvumilia miaka thelathini na huyo Malcolm! Wewe umelilia filimbi ya birika maisha yako yote ukaiita muziki, na bendi yako ya vijana wanne wenye mafua haikuwahi kupiga wimbo hata mmoja ambao mtu mzima anaweza kuuimba akiosha gari! Na mwanangu usimguse, kiziwi wee, mpumbavu wee!"

Watu waliokuwa chooni walitoka kuangalia. Beverley hakuwaambia wanyamaze. Glenn aliendelea, santuri kwa santuri, kutoka ya kwanza, hakuacha hata moja. Nev alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti, uso umeinuliwa, unang'aa kwa furaha isiyofichika, anangoja zamu yake. Alisikia kila neno.